Nimefumaniwa na Pikipiki Ukumbini

Jamani, leo nimefumaniwa. Mchana kweupe, nyumbani kwangu mwenyewe hapa Mtambile, mbele ya Sheha, kiongozi wa mtaa, mbele ya imamu wa msikiti wetu, na mtu aliyebeba mkeka kwapani. Mimi, mwalimu mstaafu wa hesabu, miaka sitini na mbili, mvi mpaka kwenye nyusi! Kaeni kitako niwahadithie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine (najua imeshafika Mkoani bandarini).

Ukumbini kwangu mna pikipiki. Ya Kijapani, ya mashindano, ya miaka ya themanini, zile ambazo mpandaji huinama juu ya tangi kama anayetafuta kitu alichoangusha. Shemeji yangu aliileta kutoka Maskati zamani, kisha akarudi zake huko akaniachia. Ikalala bandani chini ya magunia ya karafuu. Marehemu mke wangu alinionya mara moja tu: "Hiyo ikiingia ndani, mie natoka." Haikuingia. Mwaka juzi akatoka yeye, Mungu amrehemu, na baada ya arubaini nikaiingiza. Watoto wangu walioko Unguja niliwaambia banda linavuja. Ni kweli linavuja. Lakini kweli zaidi ni kwamba nyumba ilikuwa kimya mno, nikataka kitu cha kushughulika nacho.

Sasa, pikipiki kuukuu ina mahitaji yake. Jumatatu nilikwenda dukani kwa Bi Mize, jirani yangu, mjane kama mimi, nikanunua mswaki wa kusugulia kabureta. Alikuwa na wa pinki tu. Jumanne nikanunua rangi ya kucha nyekundu, maana tangi lina mikwaruzo na hiyo ndiyo rangi iliyolingana nalo. Jumatano udi, kwa sababu nyumba ilinuka petroli mpaka kwenye mto wa kulalia. Alhamisi kitana, cha kutolea uchafu uliokwama kwenye injini.

Mtaniuliza, kwa nini usinunue vyote siku moja? (Swali zuri. Nyinyi mnaishi na watu.) Pale kwa Bi Mize ndipo ninapopata mazungumzo yangu ya siku. "Umeamkaje Mwalimu? Wataka nini leo?" Basi. Maneno hayo nakaa nayo mpaka Isha. Nikinunua kila kitu Jumatatu, Jumanne nitasema na nani?

Nisilolijua ni kwamba Bi Mize alikuwa akijumlisha. Mswaki wa pinki, rangi ya kucha, udi, kitana. Nimefundisha hesabu maisha yangu yote na sijapata mwanafunzi mwepesi kama yule.

Leo asubuhi nikafunga madirisha, maana vumbi ni adui wa kabureta. Nikatia komeo mlangoni, maana nilikuwa na kikoi na fulana iliyotoboka. Nikaanza kurudisha kabureta mahali pake huku nikizungumza. (Ndiyo, nazungumza na pikipiki. Redio hainisikilizi. Pikipiki walau hupiga chafya.) Nikaihadithia habari za watoto, nikaihadithia goti langu, nikaiambia leo lazima iwake ili twende Mkoani tukawatazame watu wakishuka melini. Simngoji mtu yeyote. Napenda tu kuona watu wakipokewa.

Saa nne hivi nikasikia hodi. Hodi za watu wengi kwa pamoja!

"Mwalimu! Hebu fungua nlango!" Hiyo ilikuwa sauti ya Sheha.

Aibu ikanishika. Ukumbi huu ndio tuliosomea hitima ya mke wangu, na sasa una injini, spana na dimbwi la oili. Watu wataniona nimerukwa na akili. Nikachukua kanga ya marehemu, ninayoifunikia pikipiki isiingie vumbi, nikaifunika yote, kutoka usukani mpaka magurudumu. Kisha nikafungua mlango, kidogo tu, nikachungulia.

Watu kama ishirini. Mbele Sheha na imamu. Nyuma yao Kombo, fundi seremala, na mkeka wake. Bi Mize pembeni, amekunja uso.

Kwa wasiojua mambo ya kwetu: mwanamume akikutwa amejifungia ndani na mwanamke asiye wake, kesi haiendi mbali. Unatandikwa mkeka, imamu anasoma, mashahidi wapo, na mpaka wewe useme "lakini", umeshakuwa na mke. Ndiyo ndoa ya mkeka.

"Hatukuja kwa shari, Mwalimu," Sheha akasema kwa upole. "Mwambie atoke."

"Nani?"

"Huyo ulokuwa wasema nae. Wiki nzima twakusikia."

Imamu akatazama juu ya bega langu. Kule gizani akaona umbo limeinama, limejitanda kanga gubigubi. Akateremsha macho kwa heshima.

"Bibi," akaiambia pikipiki, "usiogope, mwanangu. Hapana atakaekudhuru. Jambo hili twalimaliza kwa kheri."

Pikipiki haikujibu.

"Ana haya," akasema Kombo. "Huyo ni ntoto wa watu."

"Jamani, si ntu!" nikapiga kelele.

"Mwalimu!" Sheha akanikemea. "Umemfungia ndani wiki nzima, leo wamwambia si ntu? Haya ndo ulokuwa ukiwasomesha wana wetu?"

Hapo ningeweza kusema neno moja tu, pikipiki, na mambo yangekwisha. Nikanyamaza. Nawaambia kweli, nilinyamaza kwa makusudi. Watu ishirini walikuwa mlangoni kwangu, na wote waliamini kwamba ndani mna mtu ananisubiri. Nilitaka waendelee kuamini kidogo.

Bi Mize hakunipa nafasi. "Nipisheni! Ntamtoa mie." Akanipita, akashika kanga, akaivuta.

Imamu akainua macho.

Tangi jekundu, rangi ya kucha bado mbichi. Mswaki wa pinki umechomekwa kwenye kiti. Kitana kiko juu ya injini, kimejaa oili. Bi Mize akavitazama kimoja kimoja, kisha akanitazama mimi na kikoi changu.

Kombo akamgeukia imamu. "Shehe, mahari yake lita ngapi?"

Basi! Walicheka mpaka kofia ya imamu ikaanguka. Nami nikacheka, nifanyeje? Nikawakaribisha ndani, wakaingia. Mkeka ukatandikwa, kwa kuwa ulishakuja. Ukumbi ukajaa watu, ukajaa maneno, na sikuwa nimeuona hivyo tangu ile hitima.

"Iwashe basi, tumsikie bibi harusi," akasema Sheha.

Kichwa kikavimba. Nikapiga kiki ya kwanza, ikakohoa. Ya pili, kimya. Ya tatu, jamani, IKAWAKA! Ikanguruma mpaka vikombe vikatikisika kabatini. Nikafumba macho kwa furaha.

(Madirisha, mnakumbuka, nilikuwa nimeyafunga. Na injini hii huchoma oili pamoja na petroli.)

Nilipofumbua macho, moshi mtupu. Hapana mtu. Wametoka mbio wote, imamu mbele, kiatu kimoja kimebaki kizingitini. Nikawasikia nje wakikohoa na kucheka, kisha sauti zikapungua, kila mmoja akashika njia ya kwake. Nikazima injini. Nyumba ikarudi ilivyokuwa, na nikaona uchungu, nisiwafiche.

Bi Mize peke yake alikuwa bado mlangoni, ameziba pua kwa mtandio.

"Mwalimu."

"Naam, Bi Mize."

"Rangi ya kucha imekwisha dukani. Udi umekwisha. Miswaki nayo imekwisha." (Uongo. Jana niliiona, imejaa kopo zima.) "Kesho uje uzungumze tu. Ntakuwekea kiti."

Akaenda zake.

Kombo hajaufuata mkeka wake mpaka sasa. Uko pale pale ukumbini, sijaukunja. Kwa hiyo nakuombeni msinicheke huko mliko. Anayetaka kunicheka aje anichekee hapa. Pa kukaa papo.