Upana Hauhesabiwi

Siku Salumu Nandonde alipomkuta Bi Mwanaisha akikwangua tope kwenye kibaraza cha mgahawa wake pale Rahaleo, tope hakuliona. Aliona mikeka. Bibi yule mchana aliuza chai na mihogo, jioni akisuka ukili, na mikeka yake iliuliziwa mpaka Mikindani. Naye Salumu alikuwa na shida ya mikeka, tena shida ya kukosesha usingizi. Alikuwa amechukua redio ya Elia, karani wa bandarini, kwa ahadi ya kumpa mikeka kumi siku ya Ijumaa. Redio akaiuza, fedha akazila. Mkeka hakuwa na hata mmoja, na kaka wa Elia alikuwa polisi.

Lakini mbao alikuwa nazo nyumbani Likombe. Zilitoka kwenye ghala bovu lililobomolewa, kwa njia ambayo Salumu hakupenda kuulizwa.

Akamwamkia bibi kwa adabu zote, akatoa futikamba, akapima kibaraza: futi ishirini kwa kumi na mbili. Hizo ni futi mia mbili na arobaini, akasema, atakiwekea sakafu ya mbao, wala hataki fedha ya bibi. Kila futi ya mbao angelipwa futi ya mkeka. Moyoni hesabu ilikuwa imeiva. Mkeka wa futi sita kwa nne ni futi ishirini na nne, basi hapo mikeka ni kumi kamili. Mbao zake zilikuwa na upana wa nusu futi tu. Angepima urefu peke yake, kibaraza kijae nusu, bibi alie, kisha nusu ya pili amuuzie kwa bei ya kilio.

Akamwonyesha kipande cha mfano. Bi Mwanaisha akakipima upana kwa shibiri, akakirudisha. Alichotaka ni balozi wa nyumba kumi, Mzee Rashidi, awe shahidi. Salumu akafurahi, maana mlaghai mwenye shahidi hulala vizuri kuliko mchamungu.

Alhamisi mbao zikaja kwa mkokoteni, zikapigiliwa, zikaishia katikati ya kibaraza. Mzee Rashidi akauliza mbona hivi. Salumu akamweleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu.

"Katika mbao tunapima urefu, balozi. Upana hauhesabiwi."

Wakapima, na kweli urefu ulitimia. Mzee Rashidi akafura kwa hasira. Bi Mwanaisha hakulia.

"Upana hauhesabiwi, mwanangu?"

"Hauhesabiwi, bibi."

"Balozi, umesikia."

Akaingia ndani, akatoka na mzingo wa ukili, ule utepe wa miyaa ambao hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka uwe mkeka. Huu ulikuwa haujashonwa, upana wake inchi mbili. Akaazima futikamba, akapima futi mia mbili na arobaini, akakata kwa kisu. Masikini Salumu! Alikuwa amekwenda kumficha upana mwanamke aliyeshona upana miaka arobaini.

"Bibi, hii inatoa mikeka mingapi?"

"Mmoja na kipande."

Jasho likamtoka Salumu. Kesho ilikuwa Ijumaa. Akaomba, akaapa, akataja watoto ambao hakuwa nao. Bi Mwanaisha akamwambia mikeka kumi imo ndani, ameshaishona. Ataipata kibaraza kikijaa, misumari iwe yake, kazi iwe yake, na ile futikamba ibaki mgahawani. Hiyo ndiyo bei ya kilio, ila anayelia ni mwingine. Mpaka magharibi Salumu alikuwa amepiga magoti, anagonga misumari.

Ijumaa Elia akaja kuchukua mikeka yake. Akaketi kibarazani na chai, akakanyagakanyaga mbao, akazipenda. Akasema naye anataka sakafu kama hiyo, na hizo mbao zinapimwaje?

Salumu akamtazama Mzee Rashidi. Kisha akamtazama Bi Mwanaisha, aliyekuwa mlangoni anasuka, futikamba shingoni.

"Urefu mara upana," akajibu polepole.

"Mwongezee chai," akasema Bi Mwanaisha. "Leo kasema kweli."