Nilivyomusukuma Papa Solange

Haya niliyoipata leo itanitosha mpaka Noeli. Ninawaandikia nikiwa nimelala juu ya tumbo. Musiulize sababu, mutaikuta hapo chini.

Munanijua. Miye njo Janvier wa Burungu, hapa Masisi, ule wa mbio za kinga. (Kinga, kwa ninyi mulio mbali, ni baiskeli. Sina hata moja. Lakini kupenda hakuombi gurudumu.) Sasa hivi huko Ulaya kuna ile mbio kubwa ya wiki tatu. Watu wanakanyaga kila siku kutoka muji huu mpaka muji ule, safari ya siku moja inaitwa etape, na sisi huku tunafuata zote. Tuko washabiki wanne na telefone moja. Telefone ni ya rafiki yangu Deo, kioo kimepasuka katikati. Wakimbiaji wakiwa upande wa kushoto wako wazima, wakifika kwenye ufa wanakatika vichwa, kisha wanatokea upande wa kuume wazima tena. Tumezoea.

Rezo ya telefone inapatikana juu ya mulima tu, pale kwenye mikaratusi, barabara inapofika juu kabisa kabla ya kuteremuka kwetu. Kwa hiyo kila asubuhi tunapanda, Deo anavuta video ya etape ya jana, tunainamisha vichwa vinne juu ya kioo kimoja. Sheria yetu ni moja: anayejua mushindi anyamaze. Juzi mwalimu mumoja alisikia matokeo kwa redio, akataka kutuambia njiani. Tuliziba masikio tukaimba wimbo wa kanisa mpaka akapita.

Wenzangu wanashabikia wakubwa, wale wa kushinda. Miye nimechagua nambari 74. Kazi yake ni kubebea wenzake maji. Anarudi nyuma mpaka kwa gari, anajaza chupa ndani ya nguo mugongoni, anakuwa kama mama aliyebeba mapacha, kisha anakanyaga tena mpaka mbele kugawia wengine. Hajashinda kitu. Siku anaonekana sekunde tano, miye ninapiga kelele kama nimezaa. Mutanicheka, lakini hapa kwetu watu wamekimbia vita sana kwa hizi barabara, na godoro juu ya kichwa. Kuona watu wanakwenda mbio na pembeni kuna wengine wanawapigia makofi, hiyo kwangu ni kitu ya tamu.

Sasa, Solange.

Solange anaosha mabidoni, yale makopo makubwa ya maziwa, kwa nyumba ya kutengeneza fromaji (jibini), hapa chini, kwenye kona ya barabara. Tunapendana. (Yeye anapenda kwa akili, miye ninapenda kwa kelele.) Papa yake hajawahi kuniona kwa macho, wanakaa ng'ambo ya mulima, upande wa Nyamitaba. Kila asubuhi analeta maziwa ya majirani kwa fromaji na kinga yake, lakini akipita miye nimekwisha kushuka, niko shambani. Baada ya kubembelezwa miezi na miezi, muzee amekubali: Siku ya Mungu hii, baada ya misa, nifike kwake nijionyeshe. Akinipenda, mambo yataendelea. Asiponipenda, Solange ameniambia wazi: "Janvier, miye sitabishana na papa yangu juu ya muntu yeyote. Hata weye."

Jana jioni akarudilia:

"Zimebaki siku tatu tu. Tafazali, ukae kama muntu."

Nikaapa. Siku tatu! Kijana muzima anaweza kushindwa kukaa kama muntu siku tatu?

(Ndiyo. Ameshindwa kabla ya siku ya kwanza kupata jua.)

Leo ilikuwa zamu ya kutazama etape ya milima, na kwa etape ya milima washabiki wanavaa. Nimeona kwa telefone: mwengine anavaa kama kuku, mwengine kama malaika. Nikasema Burungu haiwezi kubaki nyuma. Nikachukua kitenge ya manjano ya Mama, ile ya sikukuu, nikaifunga shingoni ikaning'inia mugongoni. (Niliiazima bila kuongea naye. Alikuwa anasali, sikutaka kumukatiza.) Nikachukua na pembe za ng'ombe zilizobaki kwa muchinjaji, nikazifunga kichwani na kipande cha kaucho, mupira wa gurudumu la zamani. Deo aliponiona mulimani alinitazama muda murefu.

"Wenzetu wawili wamekataa kupanda leo," akasema. "Sasa ninaanza kuelewa."

Kulikuwa na ukungu wa kukata na panga. Tukakaa chini ya mikaratusi, Deo akafungua etape. Nambari 74 alikuwa nyuma ya wote, peke yake, kichwa kinaanguka mbele kama muntu anayesinzia kanisani. Mara mushabiki mumoja akatoka kwenye majani. Alikuwa na pembe! Akakimbia pembeni yake, akaweka mukono mugongoni, akamusukuma hatua kama kumi. 74 akainua kichwa. Machozi yakanitoka.

"Unalia nini?" Deo akauliza.

"Wamemusukuma."

"Kusukuma iko makosa. Arbitre wa mbio anaandika, anatoa azabu."

"Arbitre hana moyo."

Na pale pale tukasikia: krii, krii, krii. Pedali. Kutoka ng'ambo, ndani ya ukungu, muntu alikuwa anapanda. Akatokea kidogo kidogo: kofia, kisha mabega, kisha bidoni mbili za maziwa zimefungwa kushoto na kuume. Alikuwa amesimama juu ya pedali, anakata barabara huku na huku, anapumua kama mashine ya kusaga mihogo.

Deo akanong'ona:

"Ule si Papa Solange? Leo amewahi."

Ndugu zangu, ningekaa. Ningejificha nyuma ya mukaratusi, nikangojea Siku ya Mungu na shati langu jeupe. Lakini niliona ule mugongo umepinda, niliona yale maziwa ya watu wengine anayobeba, na moyo wangu ukasema: Janvier, huyu njo 74 wako. Halafu moyo ukaongeza: na siku utafika kwake, atakukumbuka kwa wema. (Kwa habari ya kunikumbuka, moyo haukusema uongo.)

Nikaruka kutoka kwenye majani.

"Alee, Papa! Alee! Alee! Kanyaga!"

Akageuza kichwa. Sasa mujiweke kwa nafasi yake. Jua bado. Ukungu. Pembe. Kitu ya manjano inapepea. Na inajua kwamba yeye ni papa.

Alifungua kinywa, akakifunga, na akaanza kukanyaga. Lakini kukanyaga! Sijaona muntu wa miaka yake anatoa kasi namna ile kwa kupanda. Nikamupigia Deo kelele:

"Unaona? Unaona ushabiki unavyosaidia?"

Nikaongeza mbio. Papa Solange akaongeza. Nikaongeza tena, yeye tena. Nilikuwa ninajisikia vizuri sana. Hatua chache kabla ya juu nikaona anachoka, gurudumu linayumba. Basi nikaweka mukono mugongoni kwake, nikasukuma na roho yangu yote.

"Toka!" akalia. "Toka kwangu! Kwa jina ya Yesu!"

Nikafikiri anaomba nguvu. (Wakimbiaji wengi wanasali, nimeona.)

Nikamusukuma mpaka juu. Nikamupitisha hata kilele. Nikamuachilia kwa heshima, kama tunavyoona kwa telefone, nikainua mikono miwili. Yeye akaingia kwenye ukungu upande wa pili, upande wa kuteremuka, na ikabaki sauti tu, inazidi kuwa ndogo:

"Mama weeeeeee..."

Deo akafika anahema.

"Janvier. Umefanya nini?"

"Nimemusaidia."

"Ule muzee akifikaka hapa anashukaka! Anateremukaka na miguu, anavuta kinga kutoka nyuma kama ng'ombe. Kila siku! Ile kinga haina breki."

"Haina breki ya mbele?"

"Haina breki ya kitu chochote!"

Kwa mawazo nikaona Solange amevaa nguo nyeusi ya kilio. Nikakimbia.

"Papa! Breki! Papa, breki!"

"SINAAAA!"

"Weka muguu chini!"

"Weka yako, shetani!"

Ukungu ukafunguka nikamuona. Miguu yote miwili imetanuka pembeni, kofia bado kichwani, anakata kona kama wale wakimbiaji tunaowatazama. Na kwetu, wiki nzima, nimewafundisha watoto kupiga kelele ya washabiki. Wamejifunza vizuri. Wakatoka kwenye bomba la maji, mama zao nyuma, wote: "Alee! Alee! Alee!" Kadiri wanavyopiga makofi, ndivyo muzee anavyolia, na kadiri anavyolia, ndivyo wanavyofurahi.

Miye nyuma yake sikufika mbali. Ng'ombe walikuwa wametoka kupita, na walikuwa wameacha kile ng'ombe wanachoacha. Muguu wa kwanza ukateleza. Kitenge ikafunga muguu wa pili. Nikakaa. Nikaendelea nikikaa. Ile sehemu ya mulima iliyobaki, pamoja na mawe yake yote, niliiteremuka kwa makalio, na suruali yangu ikawa inabaki njiani kipande kwa kipande.

Chini, barabara inakunja kona mbele ya nyumba ya fromaji. Papa Solange hakukunja. Alikwenda moja kwa moja ndani ya lundo la majani ya ng'ombe, kinga ikasimama, yeye akakaa juu ya majani kama mukubwa kwa kiti chake. Hakuumia hata ukucha, Mungu asifiwe. Mabidoni yalikuwa bado yamefungwa. Mutengeneza fromaji akafungua moja, akachungulia, akatia kidole.

"Papa Solange, hii uliyotuletea ni maziwa ao tayari siagi?"

Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Yeye hakucheka. Na katika kile kicheko miye njo nikafika, nikikaa, pembe imeshuka mpaka kwenye pua. Nikakwama tu mbele ya miguu ya muntu. Nikainua macho. Solange, na burashi ya kuoshea bidoni mukononi.

"Siku tatu," akasema polepole. "Nilikuomba siku tatu."

Nikasimama, nikajizungushia kitenge haraka, maana nyuma upepo ulikuwa unaingia. Ningeponea hapo. Lakini Mama yangu naye alikuwa ametoka kuangalia kelele.

"Janvier! Ile si kitenge yangu ya sikukuu? Inafanya nini na mavi ya ng'ombe?"

Akaivuta.

Yote.

(Ninyi muliosema sikuwa na nguo ya ndani, ni uongo. Ilikuwepo. Imechoka tu.)

Sijawahi kusikia Burungu inacheka namna ile. Nilibaki nimeegemea ukuta wa fromaji kama muntu aliyetumwa kuushikilia usianguke. Kisha kukawa kimya, kwa sababu Papa Solange alikuwa ameinuka.

"Ile kitu ya pembe iko wapi?"

Vidole vyote vikanielekea. Hata cha Deo. Hata cha Mama.

"Njo miye, Papa."

"Weye njo nani?"

Ningetaja jina lingine. Niliyafikiria mawili, matatu. Lakini Solange alikuwa ananitazama.

"Janvier, Papa. Ule wa... Siku ya Mungu."

Muzee akageuka kwa binti yake. Binti yake akaingiza kichwa ndani ya bidoni.

"Solange. Katika vijana wote wa Masisi?"

Kutoka ndani ya bidoni sauti ikajibu:

"Papa, alikuwa anakusaidia. Alikuona unachoka."

"Kunisaidia! Nimemaliza rozari nzima kati ya pale juu na hapa!"

"Nisamehe, Papa," nikasema. "Nilikuona umebeba maziwa ya watu, nikasikia huruma. Sikujua habari ya breki."

Akanitazama tangu pembe mpaka vidole vya miguu. Ukuta ulinisaidia kuficha sehemu ingine. Akatoa jani moja sikioni mwake.

"Ninapanda huu mulima peke yangu tangu Solange yuko mugongoni kwa mama yake," akasema. "Hakuna muntu aliwahi kunisukuma. Hata mumoja." Akatoa jani lingine. "Unajua kusukuma, weye. Kusimamisha njo haujue."

"Nitajifunza, Papa."

"Utajifunza kesho. Saa kumi na mbili asubuhi uko kule chini ya mulima, upande wetu. Utanisukuma mpaka juu. Pale juu utafunga kamba nyuma ya kinga, utaishikilia mpaka hapa. Weye njo breki."

"Mpaka lini, Papa?"

"Mpaka nitazoea ile sura yako. Naona itachukua muda."

"Na Siku ya Mungu, nifike kwenu baada ya misa?"

"Ng'ombe hazijue Siku ya Mungu. Utafika kabla ya misa, na kamba." Akachukua kinga yake, akaitingisha majani yadondoke. "Na zile pembe ubaki nazo kwenu."

Solange akatoa kichwa kwenye bidoni. Alinirushia gunia tupu nijifunike, akarudi kazini, lakini mabega yake yalikuwa yanatingishika.

Kwa hiyo sijakataliwa, wapendwa. Sijakubaliwa pia. Niko breki. Mama amenipaka dawa pale panapouma, Deo amekuja mara mbili kuuliza kama nimekaa vizuri, na funzo langu ni hili: kabla ya kusukuma papa ya muntu, uliza kwanza kama anaweza kusimama.

Mwenye kucheka acheke leo, nimeruhusu. Kesho saa kumi na mbili, tafazali, mupitie barabara ingine.