Mkanda wa Ngozi Halisi

Jumatatu, 6 Mei

Shangazi katuita. Si kawaida yake kuita watu siku ya kazi. Nikajua ama kuna ugonjwa ama kuna mali.

Ni mali. Saa ya baba! Ile ya kutia ufunguo, aliyoinunua kabla sijazaliwa na kuivaa mpaka siku alipolazwa. Hospitalini aliivua akampa dada yake amtunzie, na dada yake, yaani Shangazi, akaitunza vizuri mno hata sisi tukadhani ilipotea. Kumbe ilikuwa kabatini, ndani ya kopo la majani ya chai. Sasa kaipeleka kwa fundi saa, imesafishwa. Nimeiweka sikioni. Inatembea.

Ila haina mkanda. Wa zamani ulikuwa umeoza, fundi kautupa. Shangazi kasema Jumapili mimi na mdogo wangu tuje kila mtu na mkanda wa ngozi, ule anaoona unaifaa saa ya baba yetu, na aeleze kwa nini kachagua huo. Mkanda atakaoupenda yeye ndio utakaofungwa, na aliyeuleta ndiye atakayeondoka na saa. Kasema hataki ugomvi. Nikamwambia ugomvi utoke wapi, sisi si ndugu?



Mdogo wangu tunamwita Mtakatifu. Jina nilimpa mimi kwa kejeli, wenzangu wakalichukua kwa heshima. Hachelewi, hasemi uongo, hapandishi sauti. Isitoshe ana sura ya baba, ana sauti ya baba, hata kukohoa anakohoa kama baba. Mimi nilipewa ukubwa tu. Wa kwanza kuzaliwa, basi. Ukubwa hauvaliki mkononi.

Hii saa naitaka. Naandika hapa kwa sababu mbele ya Shangazi nilisema mimi hata sina haja nayo, nitaleta mkanda kwa kumridhisha yeye.

Jumanne, 7 Mei

Swali ni moja tu. Mkanda wa baba ulikuwaje? Nikishajua hilo, kazi imekwisha. Nitaleta uliofanana nao, Shangazi atalia, nitaondoka na saa.

Duka la makochi ninakouza Jumanne halina watu, kwa hiyo mtu anaweza kufikiri. Nikakaa kwenye kochi la watu watatu nikafumba macho. Nikauona mwiko wa baba wa uashi. Nikaiona kofia yake yenye saruji. Mkono wake nikauona vizuri kabisa, mpana, kucha zimekatika. Nikipanda mpaka pale saa inapokaa, hakuna kitu. Miaka yote ile aliniita kwa mkono ule, akanifukuza kwa mkono ule, na sikuwahi kuangalia una nini. Imenihuzunisha kidogo, kisha mteja akaingia kuuliza choo.

Nilipofumba macho tena kikaja kitu cha kipuuzi. Niko mabegani mwa baba, mdogo sana. Tunatembea. Kanishika miguu, na kuna kitu cha baridi kinanigusa kwenye kifundo cha mguu. Kidogo tu, mguu mmoja. Nilikuwa naipenda ile baridi. Nikiipoteza, najisogeza mpaka inanirudia. Sijui kilikuwa nini, labda kifungo cha shati. Nimeachana nacho. Hakina rangi, hakina upana, hakinisaidii.

Jioni nikapata jibu. Picha! Ile ya ukutani, baba na mama studio, mkono wa baba uko begani mwa mama. Mkanda unaonekana! Saa yenyewe haionekani, ni mkanda na bizimu tu, nadhani mpiga picha alikosea. Lakini mkanda ni mweusi tii. Nikamwita mke wangu aje aone ushahidi. Kaangalia, akaniuliza kama gauni la mama nalo lilikuwa la kijivu. Na yale maua ya mezani, nayo ya kijivu? Nikamweleza kwamba picha za zamani hazikuwa na rangi. Akasema ehee. Akarudi kwenye shughuli zake.

Nimebaki ukutani na ile ehee.

Jumatano, 8 Mei

Nimepita kwa muuza mikanda ya saa. Mikanda ananing'iniza ubaoni mmoja mmoja. Mweusi, kahawia, wa rangi ya udongo mwekundu, wenye mshono, usio na mshono. Kaniuliza saa ina nafasi ya upana gani. Sijui. Kaniuliza mkono wenyewe ni mnene au mwembamba. Nikamwambia mkono wa marehemu. Kasema ngoja atafute mwingine nyuma, na hakurudi haraka.

Nikabaki nikiishika ile mikanda. Yote ni mizuri, yote ni mipya. Kila mmoja ungemwambia Shangazi kwamba nimenunuliwa juzi na mtu asiyekumbuka kitu. Hapo ndipo lilipokuja wazo. Kwa nini nilete mkanda unaofanana na wa baba? Nitaleta mkanda wa baba! Aliotumia kabla ya ule uliooza. Alionivulia mwenyewe akanipa. Nani atabisha? Baba hayupo, na Mtakatifu wakati huo alikuwa hajazaliwa. Nitahakikisha hivyo.

Na ngozi ninayo. Dukani kuna kochi la rangi ya kahawia iliyoiva. Kwenye kioo cha mbele Bosi kaandikisha maneno niliyoyatunga mimi: Ngozi halisi, inazeeka kwa heshima. Kwa maneno hayo nimeuza makochi mpaka nimepoteza hesabu. Shangazi mwenyewe nilimuuzia la aina hiyo hiyo, na analienzi mpaka kalifunika vitambaa kila mahali, mgongo, mikono, makalio, huoni ngozi hata kidogo.

Bosi alipotoka, nikaingia chini ya kochi kwa mgongo. Nikakata kipande kwa nyuma, chini kabisa, mahali ambapo jicho la mteja halifiki. Nimetumia rula. Kazi ni kazi.

Alhamisi, 9 Mei

Bosi kaona. Alikuwa anatafuta kalamu iliyoviringika. Nikasema panya. Akaniuliza ni panya gani anayekata mstari ulionyooka namna ile. Nikasema panya wa siku hizi. Kafikiri sana, kisha kanunua mtego, na mtego kanikabidhi mimi.

Nyumbani nimeushona mkanda. Bizimu nimetoa kwenye kiatu cha shule cha binti yangu kilichokwisha kumbana. Vitundu nimetoboa kwa msumari. Kimoja nimekitanua zaidi, kionekane ndicho alichofungia miaka yote. Kwa jambo hilo najipongeza. Si kila mtu angekumbuka kutanua kitundu.

Sasa umelala kwenye bakuli la chai ya rangi iliyokolea. Lazima uzeeke mpaka Jumapili. Mke wangu kauliza kama hiyo chai ni ya mtu. Nikamwambia aiache. Akasema hakuwa na nia ya kuinywa.

Jumamosi, 11 Mei

Umezeeka. Umezeeka kuliko nilivyotarajia. Kingo zinabanduka kama ganda la kitunguu, na chini yake kuna kitu cheupe chenye nyuzi nyuzi. Nimejiuliza ng'ombe gani ana nyuzi. Kisha nikaacha kujiuliza, nikapaka rangi ya viatu. Kubanduka nako ni uzee.

Nimefanya mazoezi ya maelezo mbele ya kioo. Baba ananiita. Baba anauvua mkanda. Baba anasema wewe ndiye mkubwa, utunze. Mke wangu alikuwa mlangoni bila mimi kujua. Kaniuliza kama hayo yalitokea kweli. Nikasema yangeweza kutokea. Kasema kama kuna jambo lolote la kweli ninalolikumbuka kuhusu baba, hata liwe dogo, nimweleze Shangazi hilo. Nikamwambia yapo, lakini si ya kupeleka mbele za watu.

Jumapili, 12 Mei

Naandika jua halijazama. Sina pa kwenda.

Shangazi alitupokea sebuleni. Nilikaa kwenye kochi lake, mkono nimeuegemeza juu ya kitambaa kilichofumwa vizuri, mke wangu kando yangu. Mtakatifu akaketi kwenye kiti cha mbao. Daima anachagua kiti cha mbao.

Akaanza yeye. Kakiri mbele ya wote kwamba mkanda wa baba haukumbuki hata kidogo. Nikatabasamu. Kasema anachokumbuka ni ule mstari wa ngozi iliyofifia, uliobaki mkononi mwa baba alipovua saa ili anawe saruji. Mstari wenyewe ulikuwa na upana wa kidole gumba cha mtoto, kwa sababu aliwahi kuupima kwa chake. Basi katafuta mkanda wa upana ule. Wa kahawia, laini, hauna nakshi, kwa kuwa ile saruji ilikuwa ikimchubua baba. Kautoa mfukoni, kauweka mezani.  Shangazi alikuwa anaangalia mkono wake mwenyewe.

Nikaona hali imekuwa mbaya. Nikasimama.

Nilisema vizuri, hilo lazima niliandike. Baba aliniita, baba aliuvua, baba alisema wewe ndiye mkubwa. Mahali fulani sauti ikanikatika, na hilo sikulipanga. Nilikuwa natamani mno liwe limetokea kweli.

Shangazi kaupokea mkanda, mimi nikaketi tena, mkono juu ya kitambaa. Kaunusa. Kasema unanuka chai. Nikasema baba alipenda chai. Kaukwaruza kwa ukucha na ganda likatoka zima. Kaliangalia kwenye kidole. Kisha kanyanyuka taratibu, kaja mpaka nilipokaa, kaniomba nitoe mkono, kakifunua kile kitambaa kilichofumwa vizuri.

Sijawahi kuona kochi lililochubuka namna ile. Magamba matupu, na chini yake nyuzi nyeupe. Shangazi kaulaza mkanda wangu juu yake. Rangi moja, magamba mamoja. Huwezi kujua wapi kochi limeishia.

Akasema kwa upole kabisa: "Ngozi halisi, baba. Inazeeka kwa heshima."

Mke wangu aliangalia dari. Mtakatifu hakucheka, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Miaka yote hii nilidhani vile vitambaa ni mapenzi. Vilikuwa ni kunifichia aibu.

Basi saa kapewa Mtakatifu. Wameifunga kwa mkanda wake, ukaingia kama uliozaliwa nayo. Akaivaa kama watu wanavyovaa saa. Shangazi kamshika mkono, kaugeuza kiganja juu. Kasema sivyo. Baba yenu aliivaa uso ukiwa huku ndani, kwenye mishipa, ili tofali lisikwaruze kioo. Watu walikuwa wakiuona mkanda tu, saa aliiona yeye. Mtakatifu kashangaa. Hakulijua hilo.

Na mimi nikapata baridi kwenye kifundo cha mguu.

Kumbe ile baridi ilikuwa ya saa. Sikuwa nimevua kiatu, sikuwa nimekanyaga maji, lakini niliisikia ile baridi pale pale, mguu ule ule. Alinishika miguu, na kioo kikanilalia. Mtakatifu hawezi kuwa na kumbukumbu hii. Alipozaliwa yeye, baba alishaanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, mgongo ulikuwa hautaki, alijenga kuta za chini tu na hakubeba mtoto tena. Mimi ndiye mtu pekee aliyewahi kuvalishwa saa ile na baba. Mguuni.

Nikafungua mdomo. Shangazi kanitazama. Mtakatifu kanitazama. Mkanda wangu bado ulikuwa juu ya kochi. Nikaufunga mdomo, nikaomba maji ya kunywa.

Jumatatu, 13 Mei

Asubuhi nilimweleza mke wangu habari ya baridi. Nilieleza ovyo ovyo, huku natafuta soksi. Kaacha alichokuwa anafanya, kakaa kitandani, na macho yake yakalowa. Kasema niende leo leo kwa Shangazi, na Mtakatifu awepo, niwaambie hivyo hivyo nilivyomwambia yeye, nisiongeze kitu. Kasema Mtakatifu angeipenda kuliko hata saa yenyewe. Na kweli Mtakatifu kaleta ujumbe kwamba tunaweza kuivaa kwa zamu, yeye mwezi huu, mimi ujao. Sijamjibu. Huruma za mdogo wangu zina harufu ya sabuni.

Dukani mtego umenasa kidole changu. Bosi kafurahi kwamba unafanya kazi.

Nimekaa kwenye kochi la watu watatu nikaifikiria vizuri habari yangu. Ni ya kweli, hilo halina ubishi. Lakini ni fupi. Mtoto kabebwa, kitu cha baridi, imekwisha. Baba mwenyewe hasemi hata neno. Hata kochi huwezi kumwonyesha mteja bila mito.

Nimeanza na mvua. Mvua kubwa, njia imefurika, maji yanamfika baba kiunoni, na mimi niko mabegani. Katikati ya maji baba anasimama. Anasema mwanangu wa kwanza, unaisikia saa hii mguuni? Siku moja ni yako. Nimeirudia mara kadhaa kwa sauti, duka likiwa tupu. Ni nzuri sana. Mahali pa kiunoni nusura nilie.

Kasoro ni moja. Kila nikiirudia, ile baridi ya mguuni siisikii tena. Nadhani maji yameizidi nguvu. Kesho nitaongeza radi.