Mashambulizi Elfu Arobaini na Moja ya Wanasekar

"Wilaya ya Wanasekar imeshambuliwa na wadukuzi mara elfu arobaini na moja kwa wiki moja, na bado imesimama!"

Ndivyo Pak Sudarmaji, mkuu wa Idara ya Mawasiliano, alivyowatangazia watumishi kwenye gwaride la Jumatatu asubuhi. Wote wakapiga makofi isipokuwa Wening, mtumishi wa mkataba anayesoma kumbukumbu za seva, kompyuta inayoendesha tovuti ya wilaya. Yeye aliyajua hayo mashambulizi. Picha ya Pak Sudarmaji ilikuwa imetolewa kwenye tovuti ikapunguzwe kidevu, na haikurudishwa. Kila mwananchi akiingia kutafuta fomu, seva inaitafuta picha, inaikosa, inaandika kosa, na kosa likahesabiwa shambulio. Basi.

Akamfuata ofisini.

"Samahani, Pak. Wale si wadukuzi. Ni watu wanaotafuta fomu za ndoa."

"Elfu arobaini na moja wanaoa?"

"Ni kama mtu kuulizia duka lililohama, Pak. Huyo si mwizi. Ila upo mstari mmoja wa kutisha. Jumatano mtu kajaribu nywila mara sita, ya saba akaingia."

Pak Sudarmaji alicheka hadi chai ikamwagika. "Loo, Mbak Wening, dada yangu! Mimi nina elfu arobaini na moja, wewe unaniletea mmoja?"

Kisha akamsukumia karatasi yenye sahihi na mhuri wake: mtumishi aliyemfungulia adui mlango anaondolewa kazini. Nafasi ya jina ilikuwa tupu.

"Bu Bupati, mkuu wetu wa wilaya, anataka mtu wa kulaumiwa, na mlinzi wa seva ni wewe," alisema kwa upole wa daktari wa meno. "Jaza jina, Jumatatu ijayo kwenye gwaride ulisome mwenyewe mbele yake."

Wening akaitazama ile nafasi tupu. Miaka sita ya mkataba, na mwezi ujao ndio angeajiriwa rasmi!

"Nijaze jina la nani, Pak?"

"La aliyefungua mlango! Na uambatanishe ushahidi. Bila ushahidi ni majungu."

"Sawa, Pak," alisema Wening. Amri ni amri.

Jumatatu ikafika. Bu Bupati alisimama jukwaani, Pak Sudarmaji pembeni yake kifua mbele. Wening akasoma:

"Akaunti iliyofunguliwa: Sudarmaji. Nywila: tarehe yake ya kuzaliwa. Chanzo cha siri kuvuja: mbao kumi na mbili za maua ya pongezi za siku yake ya kuzaliwa, zilizosimamishwa barabarani wiki nzima, tarehe na mwaka vikiwa vimeandikwa juu."

Mtu wa nyuma akakohoa kicheko.

"Uongo!" Pak Sudarmaji alifoka. "Bu Bupati, naomba nijieleze."

Bu Bupati akachukua karatasi, akaisoma taratibu hadi chini.

"Ibara ya tatu: mhusika asipewe nafasi ya kujieleza." Akainua macho. "Sahihi hii ni yako, Pak?"