Heka Tatu za Mpima Mionzi

Ndugu wananchi, Kamati ya Mafunzo ya Wapima Mionzi ina furaha kuutangazia umma kwamba mashine ya kutibia saratani imefika, imefungwa, imefunikwa shuka safi, na haitaguswa hadi mpima mionzi wetu wa kwanza ahitimu. Mimi ndiye Katibu. Kanuni za kuhitimu nimeziandika kwa mkono wangu, na sioni haya kusema zinapendeza.

Alama mia tumezigawa kwa haki: siasa ishirini na tano, mgambo kumi, kilimo sitini. Tano zilizobaki ni za kupima mionzi. Kokuberwa, mwanafunzi wetu pekee, alizizoa zote tano asubuhi moja, jambo lililotutia wasiwasi. Siasa na mgambo akapita. Zikabaki heka tatu za mihogo kule Kawe.

Kila Jumatatu alifika Tunu, mama wa Manzese mwenye uvimbe shingoni.

"Dada Koku, bado tu unalima?"

"Bado heka mbili, mama."

"Shingo yangu mie haingoji mihogo!"

Nilimwandikia barua ya kumsihi avute subira. Wagonjwa wanane tuliwafuta orodhani kwa utoro. Ndugu zao wanadai wamefariki, lakini hakuna aliyeomba ruhusa.

Ndipo Mwenyekiti wetu, Ndugu Projestus, akatokwa na uvimbe shingoni.

"Katibu, mwite yule binti anitibu leo leo!"

"Hajahitimu, Ndugu Mwenyekiti. Kanuni ya tisa."

"Ifute!"

"Hufutwa na Mwenyekiti asiye na maslahi binafsi. Ulisisitiza mwenyewe, ukagonga na meza."

Akaitazama ile meza. Nilijisikia fahari kumtumikia kiongozi asiyejipendelea.

Bahati nzuri, kanuni ya kumi inaruhusu mwanafunzi kusaidiwa na mzalendo wa kujitolea. Kesho yake Mwenyekiti alikuwa Kawe, suruali ya kaunda suti kaikunja magotini, jembe mkononi. Heka mbili alizimaliza kwa siku tisa, peke yake.

Kokuberwa akahitimu Ijumaa, akaiondoa shuka kwenye mashine. Mwenyekiti alishafika mlangoni, viganja vimejaa malengelenge.

"Shikamoo, mzee. Anaanza Mama Tunu. Wewe ni wa thelathini na moja."

"Binti! Zile heka nimelima mimi!"

"Ndiyo, mzee, umewalimia wote thelathini. Kaa pale mwisho wa benchi."