Kutekwa kwa Herufi A

Sogeeni, enyi wenye masikio na enyi wenye nafasi, tueni chini masufuria na simu zenu, kwani inasimuliwa hapa habari ya Fundi Rangi, mpanda ngazi, mtiisha kuta, mtu ambaye dari za mji mzima zilimfahamu uso kuliko hata majirani zake. Inasimuliwa jinsi alivyoshika silaha dhidi ya jeshi la herufi, ndani ya sebule yake mwenyewe, ili asinyang'anywe binti.

Vita hivyo havikuzuka bure. Dada yake mkubwa, mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke aliyestaafu kazi lakini hakustaafu kuamrisha, alikuwa amepiga simu na kutoa tamko.

"Mdogo wangu, mtoto ana miaka minne na hajui hata A. Nyinyi wote wawili mnashinda kazini. Jumamosi nakuja. Nikikuta bado, nafungasha nguo zake, naondoka naye, akakae kwangu mpaka aanze shule."

Fundi Rangi akajibu kwa sauti ya jemadari kwamba Jumamosi haitafika kabla binti yake hajazitambua herufi zote, kubwa kwa ndogo. Alipokata simu, akakaa chini. Alimpenda Kadogo wake kupita maelezo, na tangu azaliwe hakuwahi kumshinda dada yake katika jambo lolote.

"Na nani atamfundisha?" mkewe akauliza, huku anakunja nguo.

"Mimi," akanena shujaa, akasimama tena. "Mimi niliyepaka ukumbi wa mikutano peke yangu! Mimi niliyening'inia ghorofa ya nne kwa kamba, upepo ukinivuta shati! Leo nishindwe na vijistari vyeusi?"

"Haya, baba Kadogo. Ila usimfokee."

Basi akanunua bango la herufi, akaligongomea ukutani kwa misumari minne kama mtu anayesimika bendera katika nchi iliyotekwa. Kila jioni Kadogo aliketishwa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, na baba yake, mpini wa brashi mkononi badala ya mkuki, akazishambulia herufi moja baada ya nyingine. Siku za mwanzo damu haikumwagika ila juisi. Lakini ilipofika Alhamisi, loo, adui alikuwa amesalimu amri: baba akigusa pembeni juu, binti anajibu A, akigusa karibu na swichi, anajibu M, akigusa chini kabisa karibu na mlango, anajibu Z huku anapiga miayo. Fundi Rangi akatembea barabarani kifua mbele, akawasalimia hata watu asiowajua.

Hapo ndipo sifa zilipomponza. Kwa heshima ya mgeni aliamua kuipaka sebule rangi mpya, nyeupe yenye umaziwa kidogo. Akaling'oa bango, kisha akalikata kwa mkasi herufi mojamoja, ili dada aone kadi kama za shule za maana. Akainua ya kwanza.

Kadogo akaitazama kadi. Akautazama ukuta. "Hii inakaa wapi?"

"Haikai popote, mama. Hii ni A."

"A inakaa kule juu kwenye kona," akasema Kadogo kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni. "Sasa umeiondoa."

Ndipo jemadari akauona ukubwa wa maafa yake. Wiki nzima binti hakuwa amejifunza herufi hata moja. Alikuwa amejifunza viti vyao tu.

Jumamosi ikafika, na dada naye akafika, mapema, ilhali ukuta wa mwisho bado mbichi na ngazi ikingali katikati ya sebule imetanua miguu. Akaketi, akainua kadi moja baada ya nyingine. Kwa kila kadi Kadogo aliuliza inakaa wapi. Mwalimu mkuu mstaafu akazipanga kadi vizuri, akaziweka sakafuni.

"Wifi, nguo za mtoto ziko wapi?"

Fundi Rangi akawafuata dada yake na mkewe chumbani kwa mtoto akiwa amejiandalia hotuba ndefu yenye ukumbi wa mikutano na ghorofa ya nne ndani yake. Lakini alipoyaona yale magauni madogo yakiingizwa mkobani, hotuba yote ikamtoka kichwani. "Dada, nakuomba," akasema. "Usinichukulie mtoto."

Dada akaacha kufungasha, maana kule sebuleni kulikuwa kimya, kimya kile ambacho kila mzazi anakijua. Wakakimbia wote watatu.

Kadogo alikuwa na brashi ndogo na kopo la rangi ya bluu. Juu ya ukuta mbichi, ukuta ambao baba yake hakuuachia hata alama ya unywele, alikuwa amevuta mistari miwili mirefu inayoegemeana juu. Fundi Rangi akafumbua kinywa. Dada yake akamzuia kwa mkono. Mtoto akarudi nyuma hatua mbili, akafumba jicho moja kama afanyavyo baba yake, kisha akasogea tena na kuvuta mstari wa tatu, mfupi, katikati.

"Umechora nini?" akauliza shangazi.

"Ngazi ya baba."

Shangazi akaokota kadi ya kwanza, akaiweka karibu na ukuta. "Na hii?"

Kadogo akaitazama muda mrefu. "Ni ileile. Baba alisema inaitwa A."

"Na hiki cha katikati ni nini?"

"Kamba ya kufungia miguu. Ukiisahau, baba anaanguka."

Yule aliyetetemesha mabaraza ya walimu akaiweka kadi chini. Akamtazama mdogo wake, aliyekuwa anajifuta macho kwa kitambaa chenye rangi na kujizidishia balaa usoni.

"Wifi," akasema hatimaye, "rudisha nguo kabatini. Herufi nyingine nitakuja kuzisikia mwezi ujao."

Hivyo ndivyo ilivyotekwa A, ya kwanza na kubwa kati ya herufi zote, na wanaotunza kumbukumbu za vita waiandike siku hiyo kwa wino mzito. Mchana ule Fundi Rangi aliumalizia ukuta wake, akaizunguka ile alama ya bluu taratibu kwa brashi nyembamba, asiiguse. Na tangu hapo, kabla ya kupanda ngazi, hukagua kamba mara mbili.