Jemadari na Panya Aliyegoma Kujenga Kiota

Sogezeni viti, enyi waungwana, na mwenye kikohozi akimalize sasa. Kwani leo hatusimulii wafalme waliobomoa kuta za mawe, wala mashujaa waliochinja majoka. Hao wamesimuliwa hadi wamechoka wenyewe. Leo tunamsimulia Jemadari, mlinzi wa vizimba, bwana wa maranda, mtunza panya wa maabara, na yaliyomfika siku aliyokusudia kwenda kuposa.

Katika milki ile ya taa nyeupe alikuwamo panya aitwaye Bi Mdogo, ambaye Jemadari alimlea tangu hajafumbua macho. Na sheria ya milki ilikuwa hivi: panya hana ulimi wa kusema naumwa, kwa hiyo husomwa uso na kazi yake. Akipewa karatasi laini akaichana na kujenga kiota, ni mzima. Akiiacha, akajikunyata, akafinya macho na kulaza masikio nyuma, huyo yumo matesoni. Na asipobadilika kufikia adhuhuri, huruma huamuru achomwe sindano ya usingizi usio na asubuhi.

Siku hiyo Bi Mdogo aliiacha karatasi.

Jemadari akashika kiuno, akainamia kizimba kama mfalme auzingiraye mji, akahutubu: "Ewe binti wa ukoo wa mikia mirefu, nimekulisha, nimekufagilia, sijakuibia hata punje. Jioni nakwenda ukweni. Usinipeleke huko na suti ya posa na moyo wa matanga."

Panya akafinya macho zaidi. Jemadari akasogea ambembeleze. Masikio yakalala kabisa. Kadiri alivyozidi kumpenda, ndivyo mateso yalivyozidi kupanda.

Adhuhuri ikawadia, na Mama Daktari, mganga mkuu wa wanyama wale, akaingia na kisanduku cha sindano. Alipomkaribia Jemadari, akasita. Macho yakamfinyika, mashavu yakatuna, akapiga chafya iliyotikisa vizimba. Kwa kipimo cha milki ile, yeye naye alistahili sindano.

"Mwanangu," akasema akijipangusa pua, "umejipaka nini?"

"Marashi ya mjomba, mama. Anasema mposaji hunukia kabla ya kubisha hodi."

"Chupa nzima?"

"Alisema nisibanebane."

"Basi panya huyu hana ugonjwa. Ana wewe. Kaoge, nakungoja, na sindano inangoja."

Loo, mapigano ya bafuni siku ile! Sabuni ya kufulia ilichomolewa kama upanga. Marashi yakafukuzwa shingoni yakakimbilia makwapani, yakang'olewa makwapani yakajibanza nyuma ya masikio. Jemadari akarudi na koti safi, ananuka sabuni na fedheha. Akasimama mbali na kizimba, na hapo akafanya tendo ambalo hakuna aliyemjua angelitarajia: akanyamaza.

Masharubu yakacheza. Jicho moja likafumbuka, kisha la pili. Bi Mdogo akaiendea karatasi, akaing'ata pembeni, akaichana. Akachana tena, akaburuta, akazungusha, hata ikasimama ngome nyeupe ya kutoshea panya mmoja.

Mama Daktari akafunga kisanduku. Jemadari akavuta pumzi ahutubie ushindi, mama akamwahi.

"Nenda hivyo hivyo ukweni. Na ukifika, usimsogelee mtoto wa watu kwa hotuba. Kaa kimya, umwache afumbue macho mwenyewe."

Hivyo ndivyo, enyi waungwana, milki ilivyookolewa kwa kipande cha sabuni. Dunia nzima ingepaswa kusimama kwa heshima. Lakini Bi Mdogo, ambaye historia ilikuwa yake, alikuwa amekwisha kulala.